Marehemu Katika Mkebe wa Tatu

"Wananchi watukufu wa Ibadan na vitongoji vyake! Jumatatu ya Pasaka, saa kumi kamili alasiri, Mtayarishaji Mkuu, Chifu Lasun Arowojobe, mfalme wa jukwaa kwa miaka ishirini na mitano, atawafungua macho kwa filamu yake ya kwanza, ADIGUN TAJIRI, iliyopigwa kwa rangi zote zilizopo duniani, ambayo mfano wake hautaonekana tena mpaka siku ya kiama!"

Tangazo hilo lilitoka kwenye kipaza sauti juu ya gari letu, likazunguka Mokola, Oje na Beere siku nne mfululizo. Niliyeliandika ni mimi, kwa hiyo naweza kulitolea ushahidi. Katika maneno yote hayo, la kweli lilikuwa Jumatatu. Baba hakuwa chifu wa mahali popote. Rangi zote zilizopo duniani zilikuwa kijani na kijani kidogo zaidi, kwa sababu mikanda iliachwa juani kabla ya kupelekwa London kusafishwa. Na saa kumi kamili, kwa saa za Baba, ni saa kumi na moja na robo.

Lakini miaka ishirini na mitano aliitumikia kweli. Baba alianza na sufuria mbili na ngoma moja, akiigiza katika madarasa ya shule za misheni baada ya wanafunzi kutoka. Kufikia nilipozaliwa, Kikundi cha Maigizo cha Arowojobe kilikuwa na watu arobaini, gari lenye milango mitatu iliyofunguka, na jina lililojulikana kutoka Ilorin hadi Lagos. Yeye ndiye aliyetunga mchezo, aliyeuongoza, aliyecheza mfalme, aliyekata tiketi mlangoni, na aliyeamua kesi waigizaji walipoibiana sabuni. Alioa wawili kati ya waigizaji wake, kama wafanyavyo wakuu wote wa vikundi. Mwigizaji wa kawaida anaweza kuhamia kikundi kingine asubuhi ya onyesho. Mke hugombana kwanza, ukapata muda wa kutafuta mwingine.

Alikuwa na kauli moja ambayo sote tulikua nayo. Mtu akinong'ona maneno yake mazoezini, Baba alipiga kofi na kunguruma: "Mtu wa mstari wa nyuma hajasikia!" Aliisema hata nyumbani. Nikiwa na miaka saba nilirudia sala ya chakula mara tatu mpaka mtu wa mstari wa nyuma, ambaye siku hiyo alikuwa mbuzi, aliposikia.

Kisha televisheni ikaingia majumbani, na viti vya mbele vikaanza kubaki vitupu. Kikundi cha Ogunjimi, mpinzani wetu, kilijiokoa kwa kutengeneza filamu za mizimu. Watu walijazana huko mpaka wakakaa mapajani mwa wasiowajua. Waigizaji wetu kumi na wawili wakahamia kwa Ogunjimi wakawa mizimu. Tukamshauri Baba naye atengeneze filamu. Akakubali filamu, akakataa mizimu.

"Mimi sidanganyi watu wazima," alisema. "Mtu akifa kwenye mchezo wangu, amekufa."

Hapo lazima nimlete Baba Risi, kwa sababu habari hii ni yake kuliko ya mwingine yeyote. Baba Risi alikuwa na kikundi tangu zile sufuria mbili. Aliwasha karabai za jukwaa, halafu taa za umeme, na Baba alipoingia kwenye filamu akaenda kujifunza projekta miezi sita kwa mzee mmoja aliyekuwa akionyesha filamu za misheni. Herufi hakuzijua, lakini tarakimu alizijua na kuzipenda. Masanduku yote ya kikundi aliyaandika namba yeye. Hata ndoo yangu ya bati, nilipokwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni, ilibeba namba yangu ya kufulia kwa mkono wake: 217, rangi nyekundu, na saba yenye mkia mzuri kiasi kwamba matroni aliniuliza fundi ni nani. Kila mwaka katika sherehe ya kikundi Baba Risi alisimama na kusema maneno yale yale: "Miaka yote hii, taa haijazimika mkononi mwangu, na kitu cha kwanza hakijatangulia cha pili." Kisha alikaa. Hakuwa na majivuno mengine.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mikebe minne, na naomba mpangilio wake uzingatiwe. Mkebe wa kwanza: Adigun, mchuuzi wa vitambaa wa Ibadan, anatajirika. Wa pili: anaota kiburi, anagombana na mkewe, anabeba begi na kutoka nyumbani. Wa tatu: anahamia Ilesha, anaoa msichana mbichi, anastarehe, mpaka siku ndugu wa mkewe wa kwanza anapomwona sokoni na kumwita kwa jina, naye kwa aibu anatimua mbio. Wa nne: anarudi Ibadan mgonjwa, anaomba radhi, anatoa mawaidha, anakufa, anazikwa.

Adigun alikuwa Baba. Mama alicheza mke aliyeachwa na hakuhitaji mazoezi. Iya Kekere, mke mdogo wa Baba, alicheza bibi harusi wa Ilesha, naye pia hakuhitaji mazoezi.

Kifo cha Adigun kilichukua dakika kumi na moja. Nilizihesabu. Analala, anaaga, anafumba macho, anakumbuka jambo jingine la kuwaasa vijana, anakaa tena. Mimi pia nilikuwa na nafasi yangu: muuza machungwa katika soko la Ilesha, mwenye sentensi moja, "Onja, Baba, machungwa yangu ni matamu." Niliifanyia mazoezi muhula mzima, bweni zima likaijua, na hata mpishi wa shule alinisalimia kwa sentensi hiyo. Halafu London wakaandika kwamba filamu ni ndefu mno na kitu lazima kikatwe. Baba alifikiri siku mbili. Kifo kilibaki kizima, sentensi yangu haikubaki.

Sikulalamika. Nilikuwa nyumbani wiki moja kabla ya wenzangu, kwa sababu ya jambo la kengele ya shule ambalo halihusiani na habari hii, na sikuwa katika hali ya kulalamika.

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka mikebe ilikuwa chumba cha mavazi, chini ya meza ya kupigia pasi, kila mmoja na kipande cha plasta chenye namba ya mkono wa Baba Risi. Nakala ilikuwa hiyo moja tu duniani. Kati ya saa nne na saa tano, kwa njia ambayo historia haijaieleza, namba za mikebe miwili zilibadilishana mahali. Mimi nilikuwa chumbani humo nikipiga pasi. Sikuona kitu. Mtu anayepiga pasi hutazama pasi.

*

Ukumbi ulijaa. Projekta ilikuwa moja, kwa hiyo kila mkebe ulipokwisha taa ziliwashwa, wauza karanga wakapita, na Baba Risi akafunga mkanda mwingine kule juu, katika kichumba kinachopandwa kwa ngazi ya chuma. Baba alikaa mstari wa mbele na wageni wa heshima, agbada yake, lile joho pana la heshima, imetiwa wanga mpaka ilikaa wima hata alipoinama. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na ngazi. Nilitaka hewa.

Mkebe wa kwanza ulikwenda salama. Wa pili pia. Watu walimzomea Adigun alipobeba begi lake, na mwanamke mmoja alimpigia Mama makofi akasema, "Mwache aende, dada! Wanarudi wenyewe!"

Taa zikazimwa tena. Na kweli akarudi. Adigun alionekana akiyumba barabarani, kijani usoni, mkono tumboni. Nikaona agbada ya mstari wa mbele ikiinuka. Sekunde chache baadaye Baba alinipita bila kuniona, akapanda ngazi ya chuma ngazi tatu tatu. Nilimfuata mpaka katikati.

"Baba Risi! Unafanya nini?"

"Naonyesha filamu, Oga," akajibu; ndivyo alivyomwita bosi wake tangu zamani.

"Nakufa, Baba Risi! Nakufa na Ilesha sijafika!"

"Mkebe umeandikwa tatu. Tazama mwenyewe."

Baba akatazama. Ulikuwa umeandikwa tatu.

"Simamisha."

"Nikisimamisha watang'oa viti, Oga. Hawa ni watu wa Ibadan."

Baba alilijua hilo. Katika ujana wake aling'oa viwili.

"Miaka ishirini na mitano," akasema, na sauti yake ikapanda. "Siku moja tu niliyokuhitaji, siku moja, ndiyo uliyoichagua kulewa!"

Baba Risi hajawahi kuonja hata tembo la mnazi wala la mchikichi. Mswala wake ulikuwa bado umetandikwa nyuma ya projekta, maana alisali alasiri hapo hapo.

"Unasema nimelewa, Oga?"

"Nasema kesho usije. Wala keshokutwa."

Baba akashuka, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mimi nilibaki kwenye ngazi. Juu yangu Baba Risi alivua kofia yake, akajifuta macho kwa ukingo wake, akaivaa tena, akainama kukagua taa ya projekta. Kule chini Adigun alikuwa ameingia katika dakika ya sita ya kufa kwake, na ukumbi mzima ulikuwa ukimenya karanga.

"Pole, Baba Risi," nikasema.

"Mtu hafukuzwi katikati ya filamu," akanijibu. "Nipe mkebe wa nne, Arinola."

Nilimpa. Nilitumia mikono miwili kwa sababu mkebe ni mzito. Pale ndipo mtu mwema angefungua kinywa. Nilifungua, nikapiga mwayo.

Adigun akazikwa. Skrini ikaandika MWISHO kwa herufi kubwa, taa zikawaka, na watu wakatazamana.

"Ndiyo hiyo?" mtu akauliza.

"Kafa saa nzima, tumebaki na mawaidha kama kanisani."

"Huyu Arowojobe ni mzee sasa. Akalime."

Kiti cha kwanza kikalia, kile kilio cha misumari ikitoka sakafuni. Baba Risi akazima taa.

Soko la Ilesha likatokea, limejaa kelele na jua la kijani. Na katikati ya soko, katika kanzu mpya, akichagua kitambaa na kutabasamu, alisimama Adigun.

Waliokuwa waking'oa viti wakaviachia. Mwanamke mmoja mbele yangu akashika mkono wa mwenzake.

"Huyu si tumemzika sasa hivi?"

"Labda pacha wake."

"Pacha gani! Litazame lile kovu la shavuni. Ee Mungu wangu. Akudaaya! Mfu aliyehamia mji mwingine!"

Neno hilo lilipita kutoka mstari hadi mstari kama maji yaliyomwagika. Mwenzake akashusha sauti.

"Unafikiri ni hadithi? Shangazi yangu wa Ilesha, Ilesha hiyo hiyo, aliolewa na mmoja wao miaka sita. Fundi viatu. Mpole ajabu. Siku mtu wa kwao alipopita akamwita jina, akaacha kiatu hakijaisha, akapotea. Baadaye ndipo wakasikia kwamba alishazikwa Ogbomosho zamani sana."

"Na alikuwa akila chakula?"

"Kuliko wewe."

Ndoa ilipofungwa, watu walisimama juu ya viti. "Binti, kimbia!" walimpigia kelele bibi harusi. "Mguse mkono uone ulivyo baridi!" Iya Kekere mwenyewe, aliyekuwa amekaa katikati ya ukumbi, alianza kulia kwa kujionea huruma. Kila Adigun alipocheka watu walilia, kila alipokula walishika vichwa. Na yule ndugu wa mke alipoingia sokoni kutoka Ibadan, akasimama, akakodoa macho, watu mia sita wakapaza sauti kwa pamoja:

"Usimwite! Usimwite jina!"

"Adigun!" akaita.

Adigun akageuka, akaangusha kitambaa, akakimbia, akapotea nyuma ya lori. Mkanda ukaisha hapo. Skrini ikabaki nyeupe.

Sijawahi kusikia kishindo kama kile, na mimi ndiye niliyepiga ile kengele ya shule.

Walimtaka Baba. Mama ndiye aliyempata, ndani ya gari la kikundi, amelala chini ya vazi la mfalme.

"Toka. Wamekuja."

"Wangapi? Wana mawe?"

"Wanataka kukubeba."

"Kunipeleka wapi?"

Walimbeba mabegani mpaka Mokola. Kijana mmoja aliyening'inia kwenye agbada yake alimuuliza, "Baba, uliwezaje kufikiria kutuandikia MWISHO, halafu ukatuletea marehemu?" Baba alitazama chini kutoka mabegani mwa watu. Niliona uso wake ukipita aibu, kisha woga, kisha ukafika mahali pazuri ukatulia.

"Nilitaka watu wafikiri," akasema.

*

Kufikia Jumapili, Oshogbo na Ilorin walituma wajumbe. Wale kumi na wawili wa Ogunjimi walirudi, wakajilaza kifudifudi mbele ya Baba mmoja baada ya mwingine. Filamu iliendelea kuonyeshwa vile vile, moja, mbili, nne, tatu, na kijana mpya wa projekta, mwenye miwani ya jua ndani ya giza, alilipwa kwa kuufuata mpangilio ambao mwenzake alifukuzwa kwa ajili yake.

Maana Baba alikuwa sasa na hadithi mbili. Watu wa nje waliambiwa kwamba alipanga yote. Watu wa kikundi, waliosikia zile kelele za kule juu, waliambiwa kwamba Baba Risi alilewa, lakini kwa bahati ulevi wake uliangukia palepale ambapo Baba alikuwa tayari amepanga. Hakuna aliyeelewa. Hakuna aliyeuliza.

Moyo wa Baba hata hivyo si jiwe. Siku ya kumi aliniita, akanipa viazi vikuu vitatu na kibuyu cha mafuta ya mawese.

"Mpelekee Baba Risi. Mwambie nimemsamehe, arudi kazini."

Nilimkuta mtaani Oje, mbele ya nyumba yake, amefungua redio ya jirani na kupanga skrubu zake kwenye gazeti, ndogo kwa kubwa. Nilipiga magoti nikamsalimu na kumpa ujumbe.

"Amenisamehe nini?" akauliza.

"Anasema… lile kosa."

"Kosa lipi?"

Nikahesabu skrubu zake.

"Rudisha viazi, mwanangu. Mwambie Oga sihitaji msamaha wala kazi ya kupewa kwa huruma. Nataka sentensi moja mbele ya watu wa kikundi: 'Baba Risi, hukukosea.' Akiisema, nitakuja kwa miguu. Asipoisema, nitatengeneza redio." Akachukua skrubu moja, akaitazama juani. "Wajukuu zangu wananiuliza, babu, wewe ndiwe uliyelewa kwenye filamu? Watoto wa mtaani wanawaimbia."

"Pole, Baba Risi."

"Mnafungua shule lini?"

"Jumanne."

"Ndoo yako bado inavuja?"

"Kidogo."

"Nitakuja kuiziba Jumatatu, nikija kurudisha ufunguo wa projekta," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Niliondoka na viazi. Vilikuwa vizito kuliko nilipokuja navyo, jambo ambalo mwalimu wetu wa fizikia angelikataa.

*

Jumatatu hiyo ndiyo siku Daktari Morenike Fagbamila alipokuja nyumbani na kinasa sauti. Anafundisha mambo ya maigizo chuo kikuu, naye alikuwa ameitazama filamu mara nne. Baba alikusanya kikundi kizima uani wasikilize. Mikebe minne ilipangwa mezani ipigwe picha. Baba alivaa agbada ya wanga. Mama na Iya Kekere walikaa bega kwa bega na sahani ya moinmoin ya kunde. Mimi nilikuwa barazani nikifunga sanduku langu, na ndoo yangu ya bati kando. Baba Risi aliingia kimya na ufunguo wake, na lami ya kuzibia ndoo katika kopo. Watu walimpisha kama anayetoka hospitali. Akachuchumaa barazani, akaichukua ndoo.

"Mheshimiwa Arowojobe," Daktari alisema, "uamuzi wa kuweka neno MWISHO kabla ya mwisho. Ulikujia vipi?"

"Kwa kufunga na kusali," alisema Baba. "Miaka mitatu."

"Ulikuwa ukisema mtu akifa kwenye mchezo wako amekufa."

"Nilisema ili Ogunjimi asinifuate."

Kikundi kikaguna kwa heshima. Daktari akainua mkebe mmoja, akaugeuza kwenye mwanga, akausogeza karibu na miwani.

"Hili limenivutia sana. Huu ni mkebe wa tatu, kama ulivyoonyeshwa. Lakini chini ya hii tatu, plasta ina namba nyingine iliyofutwa. Mbili, moja, saba. Inasomeka vizuri kabisa. Ni ishara?"

Baba hakuwahi katika maisha yake kusahau maneno jukwaani. Pale yaliposahaulika alitunga mengine.

"Umeona," akasema polepole. "Nilijua kwamba mtu mmoja msomi ataona. Mia mbili na kumi na saba ni idadi ya siku ambazo marehemu hutangatanga kabla ya kupata mji mwingine. Wazee walituachia hilo."

"Siku mia mbili na kumi na saba," Daktari alirudia akiandika. "Sijawahi kulisikia popote."

"Ni siri."

Kalamu ya Daktari ndiyo pekee iliyokuwa ikisikika. Kisha nikamwona Mama akiacha kutafuna. Macho yake yalitoka kwenye mkebe, yakavuka uani, yakapanda ngazi za baraza, yakatua mikononi mwa Baba Risi, ambaye alikuwa ameigeuza ndoo ili aone tundu, na ubavu wake ukawaelekea watu wote. Rangi nyekundu. Saba yenye mkia mzuri.

"Ajabu," alisema Mama. "Na binti yetu anafulia kwenye ndoo ya wafu."

Watu arobaini wakageuza shingo. Iya Kekere akasema, "Ee!" Mtu akacheka, akaziba mdomo. Baba alitazama ndoo, akatazama mkebe, akanitazama mimi. Kalamu ya Daktari ikasimama.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, na mmoja ulikuwa mzuri sana, unaomhusu matroni. Nikainua uso kuuanza, nikakutana na macho ya Baba Risi. Hakuwa ameshtuka hata kidogo. Alikuwa akipaka lami kwenye tundu kwa kidole, taratibu.

"Plasta zangu mimi hazikuwa nyeupe hivyo," alisema kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu. "Na ile mia mbili na kumi na saba niliiona siku ile ile, Oga alipokwisha kushuka. Namba zangu nazijua."

"Mbona hukusema?"

"Si sentensi yangu hiyo. Ni yako."

Alikuwa amejua siku zote. Alijua nilipomletea viazi vikuu. Alijua watoto wa mtaani walipoimba. Nilipiga magoti pale barazani.

"Ni mimi," nikasema.

Baba alikuwa mezani, wanga wa agbada umemshikilia wima, na ndani yake niliona mtu aliyekuwa akishuka. Angeweza kuniambia ninyamaze. Angeweza kumwambia Daktari azime kinasa sauti. Bado palikuwa na njia ya kulifanya hili nalo kuwa sehemu ya mpango wa miaka mitatu, na kwa jinsi alivyofumba macho nadhani aliipitia yote. Kisha akayafungua, akamtazama Baba Risi, akapiga kofi.

"Mtu wa mstari wa nyuma hajasikia," akasema.

Nikasimama. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, kama alivyonifundisha.

"Baba Risi hakukosea! Hakulewa! Namba nilizibadilisha mimi, asubuhi ya Jumatatu, kwa plasta ya shule yenye namba yangu ya kufulia, nikipiga pasi! Na agbada iliyoungua mgongoni pia ni mimi!"

"Agbada ipi?" akauliza Baba, akijaribu kujitazama mgongo.

"Hiyo."

"Kwa nini?" Daktari aliuliza, na kinasa sauti chake bado kilikuwa kikizunguka. "Kwa nini ulizibadilisha?"

Nilitamani kumpa jibu la chuo kikuu. Nilitazama ndoo yangu, iliyokuwa imezibwa vizuri.

"Walikata machungwa yangu," nikasema.